Tumbaku inalipa, mbona mtoto hakui?

UKITAJA Tabora, wengi hukumbuka asali, maembe na tumbaku. Ni mkoa wa wachapakazi tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo begani hadi Bagamoyo. Mkulima wa huku hahitaji kuhimizwa kufanya mazoezi. Anayehitaji ni mfanyabiashara anayeshinda ameketi dukani, soda mkononi.

Tatizo la shambani ni jingine. Tumbaku hupandikizwa mvua zikianza, kisha palizi, kuchuma na kukausha kwenye mabani hufuatana hadi mvua zinapokatika. Ni miezi ileile ambayo chakula ghalani hupungua. Mama huondoka alfajiri, mtoto akaachiwa dada yake na kiporo cha ugali. Wakati huo, mtoto wa miezi 9 hadi miaka miwili anatakiwa kula mara tatu au nne kwa siku, mbali na maziwa ya mama.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumbani udumavu hauonekani kama ugonjwa. Watu husema mtoto amefuata ukoo wa mama yake.

Iringa iliwahi kulikabili jambo hili. Mpango ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO uliingia kwanza vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, wahudumu wakiwa wanakijiji wenyewe waliopewa mafunzo, na wazazi wakajadili matokeo papo hapo. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Mama humsikiliza jirani anayepika kwenye mafiga kama yake kuliko bango la zahanati.

Jirani huyo, akiwa Tabora, hana haja ya kitu cha dukani. Michembe itwangwe, unga wake uchanganywe na karanga zilizosagwa, uji upikwe. Viazi lishe vya rangi ya njano vina vitamini A, na mafuta ya karanga husaidia mwili kuipokea. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa.

Lakini karanga zenyewe mara nyingi zimekwisha kuuzwa zote. Mwenye kauli ya kuuza ni baba, ilhali kwenye mafunzo huitwa mama peke yake. Baba anapatikana kwenye chama cha msingi, siku ya malipo ya tumbaku. Hapo ndipo mkulima mwenzake angemweleza, kabla hajamwita mchuuzi, kuwa debe moja libaki nyumbani hadi mavuno mengine.