Kina cha bahari ndicho kilichoifanya Pemba kuwa Pemba

WASAFIRI wengi wanaokwenda Pemba huvutiwa na fukwe zake, lakini upekee wa kisiwa hicho umetokana na mkondo wa bahari unaokitenga na bara.

Mkondo huo una upana wa kilometa 50 hivi na kina kinachozidi meta 700. Takriban miaka 20,000 iliyopita, maji ya bahari yaliposhuka kwa zaidi ya meta 100, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa.

Kwa sababu hiyo, viumbe wake walikua peke yao. Aina nne za ndege, wakiwamo ninga na bundi mdogo wa Pemba, hazipatikani kwingine duniani. Ndivyo alivyo pia popo mkubwa wa Pemba, alaye matunda.

Mgeni anaweza kuiona hazina hiyo katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ambao barabara yake huendelea hadi ufukwe wa Vumawimbi. Msitu huo ni masalia tu, kwani sehemu kubwa ya misitu ya Pemba ilifyekwa ili kupanda mikarafuu na mazao mengine.

Kwa mabaharia, hata hivyo, bahari hiyo ilikuwa njia. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Uarabuni, na za kusi zikayarudisha. Magofu ya msikiti na makaburi ya Ras Mkumbuu, magharibi mwa Chake Chake, ni ushahidi wa miji iliyostawi kwa biashara hiyo.

Njia hiyo ina hatari zake. Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyojaza abiria kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba na kuua mamia ya watu. Msafiri anashauriwa kuepuka chombo kilichojaa kupita kiasi, hasa wakati wa kusi kali. Ndege hutua Chake Chake.

Aidha, hatari ipo nchi kavu. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka, kutokana na kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Baada ya wanavijiji kukubali kuyalinda makazi yake, idadi yake ilikadiriwa kuvuka 20,000. Kwa kiumbe asiye na jamaa zake bara, ulinzi huo hauna mbadala.