Je, Wajua? Dawa ya Mafua Iliyotoka Kichakani

Je, wajua kwamba efedrini, iliyowahi kuwa dawa kubwa ya pumu hospitalini, ilitoka kwenye kichaka cha China kiitwacho mahuang? Ukikitazama, utadhani ni ufagio: vijiti vyembamba vya kijani, majani hayaonekani.

Kwa takriban miaka 2,000, waganga wa China wamekichemsha kutibu kikohozi na kubanwa kifua. Mchanganyiko mmoja maarufu una mahuang, mbegu za aprikoti, mizizi ya urukususu na jiwe la jasi.

Mwaka 1885, mkemia Mjapani Nagai Nagayoshi alitenga efedrini kutoka kwenye mmea huo. Mwaka 1924, K. K. Chen na Carl Schmidt, waliofanya utafiti Beijing, walichapisha matokeo yaliyoitangaza duniani. Ndugu wa efedrini, sudoefedrini, huzibua pua hadi leo katika vidonge vya mafua.

Nchini China, mgonjwa wa nimonia anaweza kupewa antibiotiki pamoja na mitishamba yenye mahuang. Lakini mahuang hupandisha presha na kuudundisha moyo. Ukiichanganya na vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, unazidisha dozi. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004.

Ukitumia mitishamba, usimfiche daktari.