Umeme Ukikatika Nasi Tuko Safarini

Tutokapo Fataki kwenda Bunia kwa siku kadhaa, twafunga milango, twamwachia jirani kuku, na friji twaisahau. Tukirudi twaikuta yanguruma, na nyama ni ngumu kama jiwe. Je, ilikaa hivyo siku zote? Jenereta huishiwa mafuta, umeme wa jua hufifia mawingu yakizidi. Hata Bunia, ipatayo umeme wa Budana kwenye mto Shari, mtambo uliojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya dhahabu ya Kilo-Moto, giza si mgeni. Na nyama iliyoyeyuka ikaganda tena haina alama machoni. Tumbo la mtoto ndilo litakalojua.

Jazeni kikombe maji, yagande kabisa, kisha wekeni juu yake sarafu. (Kwetu sarafu hazitumiki tena, shilingi ya Uganda yafaa, au jiwe dogo.) Mkikuta imezama chini, barafu iliyeyuka yote: nyama itupwe, ingawa twajua bei yake. Sanduku la kugandishia lililojaa, lisipofunguliwa, hutunza baridi yapata siku 2. Lakini friji ya kawaida ni saa 4 tu.

Kwa hiyo kikombe hakitoshi kwa insulini ya mgonjwa wa kisukari, ambayo akiba yake hukaa kati ya digrii 2 na 8. Ikipata joto haiharibiki mara moja, bali siku zake zaanza kuhesabiwa, yapata mwezi mmoja. Mwenye dawa hiyo amwachie jirani ufunguo, naye aandike siku na saa umeme ulipokatika, apige simu.