Mkasi Ukikata, Tundu Nalo Lina Kazi

Mwaka 1941, mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa akiwa na umri wa miaka 71. Kusimama kwa saa nyingi mbele ya turubai kukawa kazi ngumu. Akashika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata bila kuchora mstari kwanza, kisha wao wakabandika vipande ukutani kwa pini, wakivisogeza huku na huku kadiri alivyoelekeza.

Kila karatasi inapokatwa, hupatikana vitu viwili: kipande kinachodondoka na tundu linalobaki. Kipande huitwa umbo chanya. Nafasi tupu, iwe tundu hilo au ile inayokizunguka kipande, huitwa umbo hasi.

Mwaka 1952 Matisse alitengeneza picha nne za mwanamke aliyeketi, zote za karatasi ya buluu. Itazame ile ya pili kwa makini. Paja, mkono na kiwiliwili ni vipande vilivyoachana, na kati yao mna vichochoro vyembamba vyeupe. Weupe huo ndio unaoonyesha goti limepita mbele ya mguu mwingine. Uondoe, na mwili wote unageuka bonge moja la buluu.

Kazi hiyo ya nafasi tupu inaweza kujaribiwa hata mezani nyumbani. Kunja karatasi nyeusi katikati, kata nusu ya jani kwenye mkunjo, kisha ifungue. Bandika jani upande mmoja wa karatasi nyeupe, na ile yenye tundu upande wa pili. Majani ni mawili, moja jeusi, jingine jeupe, na mkato ni ule ule mmoja.