Kuukinga Mtandao wa Vibanja

Unyanjano wa migomba ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, ulipoushambulia mmea wa ensete, ulio ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na kati ya mwaka 2005 na 2006 ulithibitishwa wilayani Muleba, kisha ukaenea hadi Bukoba. Mgomba ulioambukizwa hunyauka majani, ndizi zake huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Tiba hauna.

Bakteria wa ugonjwa huu huchukuliwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga lililokata mgomba mgonjwa, na machipukizi ambayo jirani humpa jirani. Basi tukichora kila kibanja kuwa nukta, na kila njia ya maambukizo kuwa mstari, tunapata kile ambacho wanahisabati hukiita mtandao. Bwana shamba mmoja mwenye vijiji vingi hawezi kuzilinda nukta zote. Aanzie wapi?

Hebu tuchukue vibanja 10. Mwenye kimojawapo, kwa kuwa ndizi zake zina sifa, amewagawia machipukizi wenzake 9, nao hawagawiani. Nguvu zilizopo zatosha kukagua vibanja viwili tu. Tukipiga kura, uwezekano wa kumpata mgawaji ni 2 katika 10. Lakini tukimwendea yeyote wa wale 9 na kumwuliza, "Mzee, mbegu hii uliipata kwa nani?", atamtaja mgawaji palepale. (Na kura ikimwangukia mgawaji mwenyewe, tumekwisha fika.) Hila hii ilielezwa na wanafizikia mwaka 2003 kuhusu chanjo na mitandao ya kompyuta.

Panga la kibarua apogoaye vibanja vingi ni nukta ya namna hiyohiyo. Kulipitisha motoni kabla ya kuingia kibanja kingine hukata mistari mingi kwa kuni chache.

Na kibanja kilichokwisha kuugua? Ushauri wa awali ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wengi waliiahirisha, na ugonjwa haukuwasubiri. Majaribio ya Kivu ya Kusini, nchini Kongo, yalionyesha kwamba bakteria hawafikii kila chipukizi la shina. Kuukata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, na kurudia kila dalili mpya ionekanapo, hupunguza ugonjwa kwa jasho dogo zaidi. Njia hii hushindwa pale ukaguzi unapoachwa kwa majuma mengi.