Adabu ya Wenye Magari ya Kale

Kila Novemba magari yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905 huondoka London alfajiri kuelekea Brighton, masafa ya kilomita 96 hivi, kwa ukumbusho wa safari ya mwaka 1896, wenye magari wa Uingereza waliposherehekea sheria mpya iliyowaongezea mwendo. Mshindi hatangazwi, na huo ndio uzuri wake. Kwani gari likizimika kilimani, msafiri mwingine husimama, akashuka na bisibisi, akamsaidia mtu asiyemjua hata jina. Lakini husuda nayo haikosi. Filamu ya Genevieve, ya mwaka 1953, yaonyesha masahibu wawili, mmoja na Darracq, mwenziwe na Spyker, waliowekeana dau la pauni 100 kwa atakayetangulia kuvuka daraja la Westminster wakirudi London, wakahasimiana njia nzima. Jeuri hiyo, na ile ya tajiri amdharauye kijana kwa sababu gari lake halina rangi ya asili, naichukia kwa dhati. Maana vipuri vingi vya magari haya havitengenezwi tena, na maarifa ya kuvichonga upya yamo mikononi mwa mafundi wachache, aghalabu wazee, ambao kijana huyo hana budi kuwaendea na kuwauliza.