Je, Wajua? Ndege hurekebishwa mara maelfu kabla haijaundwa

Abiria anayeshuka uwanja wa ndege wa Songea na kudandia bodaboda kwenda Lizaboni huenda ametoka kwenye Q400 ya Air Tanzania, ndege ya viti 76 yenye panga sita kwenye kila injini.

Umbo la ndege halibahatishwi. Mhandisi akirefusha bawa, uzito unapanda. Uzito ukipanda, injini inadai nguvu zaidi na mafuta zaidi. Tangi likikua, bawa linarudi tena mezani. Zamani hesabu hizo zilitembea idara hadi idara. Siku hizi programu zilizounganishwa huzizungusha zote pamoja, mara maelfu, mpaka bawa, injini na tangi vielewane.

Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994, ndiyo ndege kubwa ya kwanza ya abiria kuchorwa yote kwa kompyuta, kwa programu ya Kifaransa iitwayo CATIA.

Lakini kazi ipo kwenye kuunganisha. Airbus A380 ina nyaya za kilomita 500 na ushee, kuzidi safari ya Songea hadi Iringa. Wahandisi wa Hamburg walitumia toleo la zamani la CATIA, wenzao wa Toulouse jipya. Mafundi walipozipitisha nyaya kwenye mwili wa ndege, baadhi hazikufika! Abiria wa kwanza walisubiri hadi Oktoba 2007.

NASA nayo iliachia bure OpenVSP, programu ya kuchora maumbo ya ndege, mwaka 2012. Kijana wa Lizaboni mwenye kompyuta na bando anaweza kuchora bawa lake leo jioni.